Kinga na Kinga

Neno kinga lina maana zaidi ya moja katika lugha yetu. Twakinga mvua kwa mwavuli, twakinga maji ya paa kwa pipa, na tunaposema kinga ya mwili tunafikiria lile jeshi lisiloonekana linalolinda damu na viungo vyetu dhidi ya maradhi. Lakini wazee walikuwa na kinga nyingine, nayo ni kipande cha kuni chenye moto upande mmoja. Hiyo ndiyo inayotajwa katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja kikiachwa peke yake hufuka moshi, kisha huzimika.

Nimeitafakari methali hiyo mara nyingi kila nisikiapo watu wakiuliza namna ya kuongeza kinga ya mwili. Swali hilo halitoki katika udadisi mtupu. Huulizwa na mama ambaye mwanawe amepona kifua wiki iliyopita na leo anaharisha, na mwezi ujao atarudi zahanati na homa. Huulizwa pia na mtu mzima aliyechoka kumeza vidonge. Na pale penye swali la namna hiyo, wauzaji wa majibu hawakosekani: kuna mizizi, kuna unga wa majani, kuna chupa zenye picha za matunda, na kila mmoja huapa kwamba chake ndicho. Ili tujue lipi la kushika na lipi la kuacha, nadhani inafaa tufuate historia ya kitu kimoja tu kilichopimwa kwa muda mrefu na kwa uangalifu. Kitu hicho ni vitamini A, na sehemu moja muhimu ya historia yake ilitokea hapa Tanzania, katika nchi ya Wagogo.

Watu wa kale hawakuijua vitamini kwa jina, lakini walijua ini. Maandiko ya uganga ya Misri, yenye umri wa miaka ipatayo 3,500, yanataja ini la ng'ombe kuwa dawa ya macho. Wayunani waliomfuata Hippocrates nao waliwapa ini watu wasioona wakati wa magharibi. Leo twajua kwamba ini ndiyo ghala ambamo mnyama huweka akiba yake ya vitamini A. Ghala hilo laweza pia kuwa na kupita kiasi. Mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi walionaswa na barafu kaskazini kabisa mwa dunia walimla dubu mweupe pamoja na ini lake. Waliugua vibaya, na watatu kati yao walichunika ngozi kutoka kichwani hadi miguuni. Tukumbuke kisa hicho, maana tutakihitaji tena mbele.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba upungufu wa chakula fulani unaweza kuwafanya watoto waugue ovyo ulitoka Denmark, nchi ya ng'ombe na maziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa huko waliuza siagi yao kwa wingi katika nchi za nje, kwani ilikuwa na bei nzuri. Familia maskini zikabaki na maziwa yaliyoondolewa mafuta, na mkate uliopakwa majarini. Daktari wa watoto wa Copenhagen, Carl Bloch, akaanza kuona watoto ambao macho yao yalikauka, yakapata vidonda, na wengine wakapofuka. Aliona pia kwamba watoto hao walishikwa kwa urahisi na magonjwa ya kifua, masikio na mengineyo. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaleta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Manowari za Wajerumani zilizuia meli, mali ghafi za majarini zikaadimika, na kuanzia mwisho wa mwaka 1917 serikali ikagawa siagi kwa mgawo ili kila familia ipate. Mwaka 1918 ugonjwa ule wa macho ukatoweka karibu wote. Vita vilipokwisha na siagi ikarudi katika biashara ya nje, ugonjwa nao ukarudi.

Wakati huohuo wanasayansi wa Marekani walikuwa wakilitafuta jibu kwa panya. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis wa Wisconsin walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa, ilhali waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai waliendelea kukua. Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Connecticut waligundua jambo lilelile mwaka huohuo. Kitu hicho kilichofichika ndani ya mafuta kilikuja kuitwa vitamini A. Mwaka 1928 Waingereza wawili, Harry Green na Edward Mellanby, waliwapasua panya waliokufa kwa kukosa vitamini hiyo, wakakuta karibu kila mmoja ana usaha mahali fulani mwilini. Wakasema kwamba pamoja na kukuza mwili, vitamini hii hupigana na maambukizo.

Daktari mmoja wa London, Joseph Ellison, akaamua kulijaribu wazo hilo kwa wagonjwa wa surua. Surua siku zile iliua watoto wengi katika mitaa ya maskini ya Ulaya kama ilivyokuja kuua kwetu. Aliwachukua watoto 600. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida, na nusu nyingine wakaongezewa vitamini A. Katika kundi la kwanza walikufa watoto 26, na katika kundi la pili 11. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1932.

Mtu angetegemea kwamba habari kama hiyo ingeenea duniani kote. Haikuenea, na sababu zake zina mafunzo. Kwanza, wafanyabiashara waliikimbilia vitamini hiyo kabla ya madaktari. Mafuta ya ini la samaki yalitangazwa kuwa kinga ya mafua na ya kila ugonjwa, yakajaribiwa kwa watu wengi waliokuwa wakila vizuri, na matokeo hayakulingana. Pili, katikati ya miaka ya 1930 zilitokea dawa za salfa, na katika miaka ya 1940 ikaja penisilini. Dawa hizo zilimwinua mgonjwa kitandani kwa siku chache. Nani angekuwa na subira ya kuzungumza juu ya siagi na ini? Vitamini A ikarudishwa kwa madaktari wa macho, na kazi ya Ellison ikalala kwenye makabati kwa miaka 50.

Aliyeizindua ni daktari wa macho. Alfred Sommer, Mmarekani, alikwenda Indonesia katika miaka ya 1970 kuchunguza kwa nini watoto wengi walipofuka. Pamoja na wenzake aliwafuatilia maelfu ya watoto wa vijijini huko Java, wakiwapima kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Baadaye, alipokuwa akizipitia hesabu zake, aliona kitu ambacho hakukwenda kukitafuta. Watoto wenye dalili ndogo tu, wale wasioona vizuri usiku, au wenye doa dogo jeupe katika weupe wa jicho, walikuwa hawaonekani tena katika vipimo vilivyofuata, kwani walikuwa wamekufa. Kwa wastani walikufa mara nne zaidi kuliko wenzao wenye macho mazima, na wengi walikufa kwa kuharisha na maradhi ya kifua. Alichapisha habari hizo mwaka 1983, na wengi hawakumwamini. Akafanya jaribio kubwa katika vijiji 450 vya Aceh, ambamo watoto wa baadhi ya vijiji walipewa vitamini A mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba vifo katika vijiji hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 34.

Hapa ndipo historia inapofika Mvumi, hospitali ya misheni ya Kanisa la Anglikana iliyoko karibu na Dodoma. Ugogo ni nchi kavu. Chakula chake cha asili ni ugali wa mtama au uwele, na mboga yake kuu ni mlenda, ambao kwa miezi mingi huliwa ukiwa umekaushwa juani. Jua hilo huhifadhi mboga, lakini hula sehemu kubwa ya ule urangi ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A. Daktari wa macho Allen Foster, aliyefanya kazi Mvumi, aliwaona watoto wengi wenye vidonda vya macho, na mara nyingi kilichotangulia kilikuwa surua. Yeye na mwenzake Barclay, wakishirikiana na Sommer, wakalifufua swali la Ellison.

Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, ila kundi moja liliongezewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na nyingine kama hizo siku ya pili. Damu ilipopimwa, watoto 91 katika kila 100 walikuwa na kiwango cha chini sana cha vitamini hiyo, ingawa wengi hawakuwa na dalili yoyote machoni. Katika watoto 88 waliopata matibabu ya kawaida walikufa 12. Katika 92 walioongezewa vitamini walikufa sita. Kwa watoto wenye umri chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: walikufa saba upande mmoja, na mmoja tu upande wa pili. Waandishi wenyewe walionyesha kwamba kwa watoto wote kwa jumla tofauti ile ingeweza kutokea kwa bahati, lakini kwa wadogo haikuwa rahisi kusema hivyo. Taarifa yao ilitoka mwaka 1987. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi ambako upungufu wake unajulikana. Mwaka 1990 madaktari wa Cape Town wakaleta ushahidi mzito zaidi: kati ya watoto 189 waliougua surua kali walikufa 12, na kumi kati ya hao walikuwa upande wa waliopewa dawa bandia.

Mimi huona fahari, na huzuni pia, ninapowaza juu ya watoto wale wa Mvumi. Fahari, kwa sababu elimu inayotumika sasa katika wodi za watoto duniani ilipimwa katika wodi yetu, kwa watoto wetu. Huzuni, kwa sababu jibu lilikuwa limechapishwa London tangu 1932, na likakaa bila kazi katika miaka ambayo surua ilipita vijijini kwetu kama moto wa nyikani.

Tuulize sasa: vitamini hii hufanya nini? Mwili wa mtu una ngozi ya nje tunayoiona, na una utando wa ndani tusiouona: ule wa macho, wa koo, wa mapafu, wa utumbo na wa njia ya mkojo. Utando huo ukiwa mzima huwa na unyevu na ute, na vijidudu huteleza na kufagiliwa nje. Vitamini A ikipungua, utando hukauka na kuwa mgumu kama gamba, na mlango hubaki wazi. Hali kadhalika chembe nyeupe za damu huihitaji ili zikomae na kufanya kazi yake. Homa nayo huitumia akiba na kuipoteza katika mkojo, na kuharisha huzuia chakula kisifyonzwe. Ndipo unapoanza ule mzunguko unaomchosha mama: mtoto huugua kwa sababu amepungukiwa, na hupungukiwa kwa sababu anaugua. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Nevin Scrimshaw, Carl Taylor na John Gordon kilichoonyesha kwamba utapiamlo na maambukizo hushikana mikono, na madhara yake wawili hao wakiwa pamoja huzidi jumla ya madhara ya kila kimoja peke yake.

Surua ina ubaya wake wa ziada. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wasiochanjwa waliougua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa wamejikusanyia dhidi ya maradhi mengine. Ni kama mwizi ambaye, mbali na kuiba, huchoma daftari la majina ya wezi wote waliowahi kukamatwa. Basi mtoto aliyepona surua huanza upya kujifunza maradhi aliyokwisha kuyajua, na wazazi hushangaa kwa nini haponi moja kwa moja.

Je, yatosha kusema kwamba kila mtu anywe vitamini A ili asiugue? Hapana, na historia ni shahidi. Mwaka 1993 wataalamu waliyajumlisha majaribio yaliyokuwapo wakaona kwamba vifo vya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 vilipungua kwa asilimia 23 hivi, mahali penye upungufu. Lakini jaribio kubwa la India, la watoto wapatao milioni moja, lililochapishwa mwaka 2013, halikuonyesha faida ya kutajika. Tanzania nayo ilishiriki katika kujaribu kuwapa vitamini hiyo watoto wachanga mara wanapozaliwa. Watoto zaidi ya 30,000 walihusishwa, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba faida haikuonekana. Maana yake ni kwamba kilichopungua kikijazwa, mwili hushukuru. Kisichopungua kikizidishwa, mwili haupati nguvu ya ziada, na waweza hata kudhurika. Kisima kilichojaa hakijai zaidi kwa kumiminiwa ndoo.

Wale mabaharia wa Kiholanzi walijifunza hivyo kwa ngozi zao. Na somo hilo halijazeeka. Mwaka 2025 surua ilizuka magharibi mwa Texas, nchini Marekani, miongoni mwa watu ambao wengi hawakuwa wamechanjwa. Watu zaidi ya 700 waliugua katika jimbo hilo na watoto wawili wakafa. Wazazi kadhaa walisikia habari za vitamini A na mafuta ya ini la samaki, wakawapa watoto wao bila kipimo, na madaktari wakawapokea watoto ambao ini lao lilikuwa limeanza kuathirika. Dawa ileile iliyookoa watoto Mvumi ikawa sumu, kwa sababu ilifanywa mbadala wa chanjo na ilitolewa bila mkono wa mganga. Mama mjamzito naye aonywe: vitamini A nyingi, hasa ya vidonge, yaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, na ini asile kwa wingi.

Njia ya chakula ni salama zaidi, kwani rangi ya manjano iliyomo katika mimea hugeuzwa na mwili kwa kadiri ya haja. Na hapa Mungu hakutunyima. Maembe na mapapai yaliyoiva, maboga, karoti, mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, yote yana mali hiyo. Mawese mekundu ya Kigoma ni miongoni mwa vyakula vyenye utajiri mkubwa kabisa wa aina hii duniani, mradi yasichemshwe mpaka wekundu ukaisha. Mboga ihitaji mafuta kidogo au karanga, kwa kuwa vitamini hii husafiri ndani ya mafuta. Mayai, maini na dagaa walioliwa wazima huileta ikiwa tayari. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, viitwavyo viazi lishe, vimeenea kwa juhudi za watafiti kama Robert Mwanga wa Uganda, ambaye pamoja na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Na kabla ya vyote hivyo yako maziwa ya mama. Yale ya mwanzo, ya manjano na mazito, ambayo baadhi ya wakunga wa zamani waliagiza yakamuliwe na kumwagwa, yana vitamini A na kingamwili kwa wingi kuliko yatakayofuata. Mtoto apewe hayo tangu saa ya kwanza, na asipewe kingine kwa miezi sita.

Naufikiria tena ule mzunguko wa mama na mwanawe. Hakuna kitu kimoja kinachoukata. Chanjo ya surua, ambayo ilianza kutumika mwaka 1963 na ambayo hapa kwetu hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, huzuia ule moto mkubwa. Matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki kila baada ya miezi sita hujaza pengo mahali ambapo chakula hakitoshi. Sahani yenye mboga na matunda hulifanya pengo lisirudi. Maji safi na choo hupunguza kuharisha kunakoifuja akiba. Na mtoto ambaye pamoja na hayo yote bado anaugua mara kwa mara apelekwe akapimwe, kwani huenda kuna jambo jingine lililojificha ambalo chakula hakiwezi kuliondoa.

Anayeuza chupa moja na kuahidi kinga kamili anauza kijinga kimoja. Watoto 12 wa kundi lile la kwanza pale Mvumi hawakukosa dawa, walikosa kilichopaswa kuambatana nayo. Watoto wale wawili wa Texas hawakuishi katika nchi ya njaa, walikosa chanjo. Wazee wetu waliyajua haya kwa kutazama jiko tu: ukitaka chakula kiive, sogeza kuni pamoja.